Shimo la Mkaa na Chumvi Mbele ya Nyumba Yetu

Naomba kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu ni kubwa na hazitaki kukaa kwenye mstari, na pale nilipofuta karatasi imechanika kidogo. Niliishia darasa la saba. Tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu, kwa hiyo maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia, na mtayakuta yamekosewa. Ukurasa huu mmoja nimeuanza tulipomaliza kukamua, na sasa jua limeshafika mlangoni. Lakini nisipoliandika jambo hili litabaki midomoni mwa watu, na nimesikia wakilisimulia vibaya.

Jambo lenyewe ni shimo. Liko mbele ya nyumba yetu, kando ya njia wanayopita watu wakienda kisimani. Lina mfuniko wa zege wenye kishikio cha nondo. Ukiufunua utaona kichwa cha fimbo ya shaba kimefungwa waya wa kijani wenye mstari wa njano, na kuizunguka fimbo kuna udongo mweusi, maana umechanganywa na mkaa. Mgeni akipita hudhani ni choo cha zamani. Mimi kila nikipita natamani kusimama, hata kama nina ndoo kichwani.

Tunaishi kwenye vilima, upande wa Ruanda, ile kata ya huku karibu na Tunduma, si ile nchi, na tunalima kahawa na mahindi kama wengine. Baba alifariki nikiwa shuleni bado. Mama ana ng'ombe wawili wa maziwa, na shida yake kubwa ilikuwa maziwa ya jioni. Mnunuzi hupita asubuhi tu, na maziwa ya jioni yakilala bila baridi yanaamka yameganda. Mama akaenda Tunduma, akanunua friji iliyokwisha tumika, akaipandisha juu ya Fuso la mahindi na kuileta nyumbani. Nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika kwetu. Friji ikasimama sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa kuwa sisimizi hawakuweza kuingia, mama aliweka humo vikombe, sukari na kitabu chake cha nyimbo. Wageni walicheka walipoambiwa wafungue friji wachukue kikombe kikavu.

Nguzo zilipofika, mama alimwita fundi kutoka Tunduma. Alikuwa na leseni yake, aliitoa kwenye begi na kumwonyesha mama kabla hajaombwa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, amefanya kazi pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo alimwita mama yangu bamayo, yaani mama, kama wanavyosema Wabemba wa Zambia, na akipewa chai alisema natotela, ndiyo asante yao. Mama alipenda. Alisema ni mara ya kwanza kuheshimiwa kwa kigeni.

Mimi si mwongeaji. Mtu akija nyumbani huwa napata kazi ya jikoni haraka. Lakini kipindi kile cha fundi nilipata kazi nyingi za sebuleni, kwa sababu nilitaka kuona. Nilidhani kufunga umeme ni kazi ya nguvu na ujasiri, kwamba asiyeogopa ndiye fundi. Kumbe yule alikuwa mwoga kuliko sisi wote. Kila alichogusa alikipima kwanza, na baada ya kukipima alikipima tena. Na alikuwa na sheria. Alizisema peke yake huku anatoboa ukuta, kama mtu anayesali.

Swichi lazima ikate waya wa moto, si ule mwingine, maana ukikata ule mwingine taa itazimika na moto utabaki juu unamsubiri atakayekuja kubadili balbu. Maungio ya waya yasizikwe ndani ya plasta. Yakae kwenye kisanduku chenye kifuniko, ili hata mtu ambaye hajazaliwa aweze kukifungua na kuona. Friji iwe na njia yake na kikata umeme chake, isigombanie na pasi. Soketi isikae karibu na maji.

Nilisikiliza nikashangaa. Ilikuwa kama adabu za msibani kwetu, nani akae wapi, nani atangulie, nani asigusane na nani, na ukiuliza sababu unakuta ipo, na ni nzito. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Fundi, ni nani aliona mambo yote haya?"

Akatoa bisibisi mdomoni. "Waliona wengi, binti. Wengine waliona mara moja tu."

Kisha akaendelea kutoboa. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa.

Waya ulionishangaza zaidi ni ule wa kijani, ambao mafundi huuita ethi. Fundi alisema siku zote haufanyi kazi yoyote. Unakaa tu. Lakini friji ina mwili wa bati, na siku waya wa ndani ukichubuka na kugusa lile bati, umeme utasimama pale kwenye mlango, na atakayeushika akiwa pekupeku, ana mikono ya maziwa, utashuka kwa kumpitia yeye. Waya wa kijani unaupa njia nyingine. Unashuka nao mpaka ardhini, na kikata umeme kinazima.

"Kwa hiyo ardhi inaupokea?" mama aliuliza.

"Ikitaka, bamayo. Ardhi nyingine ni ngumu, haipokei. Ndiyo maana naomba mkaa, na chumvi ya mawe."

"Unataka kupika nini?"

"Naipikia ardhi."

Alieleza kwamba udongo mkavu hauupitishi umeme vizuri, na chumvi na mkaa hushika unyevu na kuufungulia mlango. Ilikuwa Septemba, udongo wetu mwekundu umekauka mpaka unapasuka. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, kwenye kona ya chumba cha mama, kwa sababu swichi kuu ilikuwa upande wa pili wa ukuta ule. Akapigilia fimbo ya shaba, akamimina mkaa, chumvi, udongo, tena mkaa, tena chumvi, kisha maji.

Halafu akatoa kipimo chake, kisanduku chenye kioo kidogo cha namba na waya tatu ndefu. Waya mmoja unashikana na ile fimbo. Nyingine mbili zinashikana na vijiti vya chuma, ambavyo lazima vichomekwe ardhini kwa mstari ulionyooka, kimoja mbali, kingine mbali zaidi. Kutoka kona ile, mstari ulionyooka unavuka migomba yetu na kuingia kwenye kahawa za mama mkubwa. Fundi akauvuka. Hakujua kwamba pale shamba lina mwenyewe mwingine, kwa macho ni shamba moja. Babu aliwagawia wanawe, baba yangu na kaka yake, na mpaka ni ile migomba. Mama mkubwa ndiye mke wa yule kaka, naye pia ni mjane.

Mwaka ule kahawa zake zilikuwa zinakauka. Jani linageuka njano, linaanguka, na baada ya muda mti mzima umesimama kama ufagio. Zetu zilikuwa bado nzima.

Alitokea shambani na kikapu chake wakati fundi amechuchumaa chini ya mti wake mmoja, anachomoa chuma ardhini. Akaona waya unaotoka kwenye chuma kile. Akaufuata kwa macho, ukavuka migomba, ukafika kwenye kona ya chumba cha mama, kwenye shimo lenye mkaa mweusi na chumvi nyeupe.

Akashusha kikapu. Nyumbani kwetu tunaongea Kinyiha. Kiswahili ni cha shuleni, cha dukani na cha wageni. Yeye alimtazama mama yangu, ambaye alikuwa anatoka jikoni anafuta mikono, akasema kwa Kiswahili, "Nimeona."

Akabeba kikapu chake, akaenda.

Sijui kama msomaji anaishi mahali ambapo neno hilo ni dogo. Huku si dogo. Mwanamke mjane, mwenye umri, mwenye kahawa nzima wakati ya jirani inakauka, akionekana amezika kitu kwenye kona ya chumba chake, hahitaji kushtakiwa. Watu huacha kumwazima moto. Watoto huvuka njia. Wapo waliohama vijiji vyao kwa jambo dogo kuliko hilo, na wapo ambao hawakuwahi kuhama. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake kusoma neno mbele ya watu. Jumamosi alikuja mzee mwenzake wa kanisa, mkulima wa kahawa mwenye masikio makubwa, akakaa, akanywa chai, akazungumzia mvua ambayo haikuwepo, mwisho akasema, "Mama, kesho pumzika kusoma. Mpaka tuzungumze."

Mama akasema, "Sawa." Alikwenda ibadani, akakaa kwenye benchi lake. Benchi lile hukaa watu watano. Siku ile tulikaa mimi na yeye.

Kikao kilifanyika sebuleni kwetu, friji ikiwa imesimama katikati yetu kama mshtakiwa. Alikuwepo yule mzee wa kanisa, mama mkubwa, mama, fundi, na mimi niliyekuwa nahudumia chai.

"Fundi," mzee akasema, "tueleze. Polepole, kama unamweleza mtoto."

Fundi alieleza vizuri sana, na hapo ndipo alipoharibu. Alisema umeme ukivuja unashuka kwenye fimbo, unaingia ardhini, na kurudi kwenye transfoma ulikotoka, maana pale nako kuna fimbo iliyopigiliwa kama hii.

"Unarudi kwa kupita wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Ardhini, mama."

"Ardhi ipi?"

Fundi akanyoosha mkono kuonyesha transfoma, na mkono wake ukaelekea dirishani, juu ya migomba, moja kwa moja kwenye kahawa zake. Nilimwona akitaka kuurudisha, lakini ulikuwa umeshaonekana.

"Kwa hiyo," mama mkubwa akasema, "kitu alichokizika huyu kitatembea chini ya kahawa zangu."

"Si kila siku, mama. Siku ya hitilafu tu."

"Mchawi naye hatembei kila siku."

Mzee wa kanisa alikohoa ndani ya kikombe. Kisha yeye na mama mkubwa wakaanza kunong'ona kwa Kinyiha, na mama mkubwa akasema mambo ambayo sitayaandika, kuhusu mama na kuhusu mafundi wanene wa mpakani.

Fundi akaweka kikombe chini. "Mimi Mnamwanga, mama, jirani yenu. Kinyiha chenu nakisikia hata mkinong'ona. Na unene huu ni wa mke wangu kupika vizuri, si wa kula watu."

Hakuna aliyecheka, ila mzee, na yeye alijifanya anakohoa tena.

Mama akamgeukia fundi. Sasa akasema, "Ng'oa."

"Nini, bamayo?"

"Kila kitu. Mkaa, chumvi, hilo chuma."

"Basi friji ibaki kabati. Umeme bila ethi mimi sifungi. Hata nikifunga, mkaguzi hataupitisha, na akiupitisha mimi sitalala."

"Ibaki kabati," mama akasema. "Jina langu halina kabati la kulihifadhi."

Fundi akang'oa. Akautoa mkaa wote kwa karai, mama mkubwa amesimama kwenye migomba anaangalia. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima, fundi aliomba apige ile fimbo kwenye udongo mtupu, upande wetu kabisa, aone tu. Akapima. Mama akaniuliza namba inasemaje.

"Kubwa," nikasema. Ilikuwa kubwa mno, kisanduku kilisita kuionyesha. Ardhi yetu, ambayo imetulisha tangu babu, ilikuwa imefunga mdomo.

Jioni ile maziwa yalilala yakaganda, kama kawaida. Asubuhi mama alikuwa anakamua, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake aondoke. Bila kugeuka, mama akamwita.

"Hilo shimo. Lazima liwe nyuma?"

"Hapana. Nilichagua nyuma ili waya uwe mfupi."

"Linaweza kuwa mbele? Kando ya njia?"

Fundi akamtazama, kisha akaanza kucheka polepole. "Bamayo, kanuni ndivyo zinavyotaka hasa. Pawe mahali panapofikika, pawe na mfuniko unaofunguka, mtu yeyote anayetumwa kukagua apaone. Pasizikwe pakasahaulika."

Mama akaacha kukamua. "Imeandikwa hivyo?"

"Hivyo."

"Kumbe waliotunga wanatufahamu."

Nilisikia mwili wangu wote ukisisimka. Walioandika sheria ile sijui ni watu wa wapi. Labda wamevaa makoti, labda hawajawahi kuona kahawa mtini. Hawakuwa wanawaza wajane wala uchawi. Walikuwa wanawaza kutu, na nati zinazolegea. Lakini walikataa siri, na mama yangu, ambaye hajasoma kitabu chao, alikuwa amelifikia jambo lilelile akiwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia.

Alipomaliza kukamua alivaa kitenge chake kizuri, akapita nyumba kwa nyumba. Aliomba kila mwanamke alete mkaa wa jikoni kwake na chumvi ya nyumbani kwake, kesho asubuhi, mbele ya nyumba yetu. Kwetu mtu akifiwa, wanawake hupeleka unga na kuni. Kila mmoja analeta kidogo, na hakuna anayechanga kwa kujificha. Mama alisema hivyo hivyo. "Dawa ya kuloga haichangwi," alimwambia mzee wa kanisa. "Kama hii ni dawa, basi tuiweke wote na tuipite wote."

Mzee alikuna sikio lake. "Sijawahi kusikia mchango wa mkaa. Lakini mchango wa siri nao sijausikia. Nitaleta wangu."

Walikuja. Sikuamini kama wangekuja, lakini walikuja, wengine kwa imani, wengi kwa kutaka kuona. Walileta kwenye mabakuli, kwenye kopo la rangi, kwenye pindo la khanga. Waliocheka walicheka. "Wangu usichanganye na wa huyu, wake una moshi kama mume wake." "Chumvi yangu ni ya dukani, ina madini. Umeme utanenepa kama fundi." Fundi akasema natotela kwa kila bakuli.

Mama mkubwa alikuja wa mwisho. Alikuwa na ndoo ndogo. Watu wakampisha. Akasema kwa Kinyiha, na mimi nilishukuru kwamba ni Kinyiha, "Huu mkaa ni wa kahawa zangu zilizokufa. Nilizikata, nikazichoma. Kama kilichoziua kimetoka hapa, kirudi hapa."

Akamimina mwenyewe ndani ya shimo jipya ambalo fundi alilichimba jana yake. Mama akamjibu, "Asante, dada."

Fimbo ilikuwa imeshapigiliwa. Fundi akatandika mkaa, akanyunyiza chumvi, akarudishia udongo, tabaka juu ya tabaka. Kisha likaja jambo la vijiti. Upande mmoja wa nyumba ni njia na mawe matupu. Upande mwingine, ukifuata mstari ulionyooka, ni kahawa zilezile. Safari hii fundi alivua kofia.

"Mama, naomba kuingia shambani kwako. Ni kijiti tu. Nitakichomeka, nitapima, nitakichomoa mbele yako."

Mama mkubwa alinyoosha mkono, akakichukua kile kijiti, akakigeuzageuza. Ni chuma tu, kimechongoka. "Nionyeshe mahali. Nitapiga mwenyewe."

Akaenda mpaka alipoonyeshwa, akaokota jiwe, akapiga. Alipiga kwa hasira yote aliyokuwa nayo tangu kahawa ya kwanza ilipogeuka njano.

"Inatosha, mama," fundi akapaza sauti. "Ukiendelea kitatokea Zambia."

Hapo ndipo watu walipocheka kweli, na yeye pia mabega yake yalitikisika, ingawa alikuwa ametugeuzia mgongo.

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, mikono yake miwili kwenye fimbo na waya. Akanipa kisanduku. "Binti, bonyeza hapo, usome. Kwa sauti."

Nikabonyeza. Nikasoma.

"Hatusikii," wanawake wakasema.

Nikasoma tena. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi hivyo, hata shuleni nilipoulizwa swali nilitazama dawati. Namba ilikuwa kubwa bado. Nikaona uso wa mama. Fundi akasema, "Maji," na mzee wa kanisa akamimina ndoo ya kwanza. Udongo ukanywa. Ulikuwa unatoa sauti, kama ng'ombe anapokunywa kwa kiu, na mapovu madogo yakapanda kati ya mkaa.

Nikasoma. Imeshuka.

Ndoo ya pili. Nikasoma. Imeshuka tena. Watu wakasogea. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo kwa titi. Ndoo ya tatu aliimimina mama mkubwa, kwa sababu alikuwa amerudi kutoka shambani na ndoo ilikuwa karibu naye. Nikabonyeza, na namba ikawa inashuka huku naisoma, kabla sijamaliza kutamka moja ilikuwa imeshageuka nyingine, ndogo, ndogo zaidi, mpaka sauti yangu ikawa inakimbia kuifuata. Kisha ikatulia kwenye namba fupi ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua.

"Imekubali," fundi akasema. Hakupaza sauti. Alibaki amepiga magoti.

Siwezi kueleza nilichokiona pale, maana hakikuonekana. Nilikuwa nimeshika kisanduku kidogo, na kilikuwa kinaniambia kwamba chini ya miguu yetu kuna njia. Kutoka kwenye mkaa wa majiko yetu, chini ya mawe, chini ya mizizi ya kahawa nzima na ya zilizokufa, chini ya kaburi la baba yangu, ardhi yote ilikuwa imeshikana, na ilikuwa imeshikana tangu zamani. Mpaka wa migomba haukuwepo kule chini. Nilitamani kuvua viatu. Kisha nikakumbuka kwamba sikuvaa.

Mkaguzi alikuja baada ya muda, kijana mwenye haraka, akafunua mfuniko, akapima, akauliza kwa nini pana mkaa wa aina nyingi. Mama akamwambia ni wa watu wengi. Akaandika, akaondoka. Siku umeme ulipowashwa, vikombe na kitabu cha nyimbo vilikuwa juu ya meza, na sebule ilijaa watu waliokuja kusikia friji inavyoanza. Ilitetemeka, ikanguruma, ikatulia kwenye mlio mmoja.

Hakuna aliyetaka kuigusa. Mama alikuwa ametoka kukamua, mikono ina maziwa, miguu mitupu kwenye sakafu ya udongo. Niliona anaogopa. Alikuwa amesimama pale kwa ajili ya jambo kubwa kuliko maziwa, na kila mtu mle ndani alijua. Akaweka kiganja chake chote kwenye mlango wa bati, akakiacha pale.

Hakikutokea kitu.

Mama mkubwa akainama, akasikiliza mlio ule. "Inakoroma kama mzee wa kanisa," akasema.

"Wakati wa mahubiri tu," mzee akajibu.

Jumapili iliyofuata mama alisoma neno. Benchi letu lilikaa watu wanne, si watano. Mmoja mpaka leo hukaa nyuma, na wapo wachache wanaozunguka njia ndefu ya kisimani. Siwezi kudanganya kwamba yote yaliisha. Kahawa za mama mkubwa zinaendelea kukauka, na sasa miti yetu kadhaa nayo imeanza. Yeye na mama huikata pamoja, na sijasikia akilitaja shimo.

Fundi alituambia kwamba kiangazi kikiwa kikali shimo lipewe maji, ardhi isije ikafunga tena. Tulidhani ni kazi yetu. Lakini wanawake wanaotoka kisimani, wengi wao, wakifika pale husogeza mfuniko kidogo kwa mguu, wakainamisha kichwa kidogo, na yale maji yanayochezacheza juu ya ndoo yakamwagikia ndani. Hawasimami hata kuzungumza. Mimi hutazama kutoka jikoni, na kila mara nywele zinanisimama, kwa sababu maziwa ya jioni ya mama yangu, na mkono wake mlangoni, vinalindwa na maji hayo.

Wewe unayesoma, kama kwenu umeme umefika, natamani sana kujua fimbo yenu ilipigiliwa wapi, nyuma au mbele, na ni nani walikuwepo siku hiyo, na kama kuna aliyeogopa. Na kama hujui ilipo, toka nje uitafute kwanza. Halafu niandikie. Mistari michache inatosha, nami nitamsomea mama.